Taa Haimtaji Mkosaji

Kila chombo kina namna yake ya kusema na mwenyewe. Jiko la mkaa husema kwa moshi, saa ya ukutani husema kwa kuchelewa, na baiskeli husema kwa mlio wa mnyororo. Gari la siku hizi limepewa lugha ya ziada, nayo ni taa ndogo ndogo zilizopangwa mbele ya dereva. Nyekundu humwambia asimame. Ya kijani humweleza tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Ya njano humwambia: kuna jambo, lichunguze. Katika kurasa hizi nataka kuzungumza na msomaji juu ya taa moja ya njano, yenye herufi tatu, ABS, na juu ya safari niliyoifanya Kariakoo na Gerezani kutafuta kwa nini ilikataa kuzimika. Huenda msomaji akajiuliza mwalimu mstaafu anatafuta nini katika habari za gereji. Namwomba avumilie. Jambo lenyewe ni la darasani zaidi kuliko linavyoonekana.

Kwanza tuelewane juu ya ABS. Dereva anapokanyaga breki kwa ghafla, hasa barabara ikiwa imelowa, gurudumu huweza kukaza kabisa likaacha kuzunguka ilhali gari bado linakwenda. Hapo tairi huteleza juu ya lami kama kipande cha sabuni sakafuni, na usukani hauna kazi tena, kwa sababu gurudumu lisilozunguka haliwezi kuongoza. Sisi tulioendesha magari ya zamani tulifundishwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, ili magurudumu yasikaze. ABS hufanya kazi hiyo yenyewe, mara kadhaa katika sekunde moja, kwa wepesi ambao mguu wa binadamu hauwezi kuufikia. Wazo hili lilitumika mapema kwenye ndege, ambazo hutua kwa kasi kubwa. Kwa upande wa magari, mfumo wa kielektroniki wa kampuni ya Bosch ulianza kuuzwa mwaka 1978 katika magari makubwa ya Mercedes-Benz. Leo umo hata katika vigari vidogo vinavyoteremshwa kwenye meli za magari hapa bandarini Dar es Salaam.

Mfumo huu hutegemea hesabu. Karibu na kila gurudumu pana kifaa ambacho mafundi hukiita sensa. Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa mwaka ule ule wa 1978 nilikuwa karani wa sensa ya watu, kama walimu wengi wa wakati wetu, nikitembea nyumba kwa nyumba na makaratasi yangu. Kumbe kazi ni ileile. Karani huhesabu vichwa. Sensa ya gari huhesabu meno ya pete ya chuma yanayopita mbele yake gurudumu linapozunguka. Katika magari ya baadaye meno yameondolewa, na mahali pake pana pete nyembamba yenye vipande vya sumaku, kaskazini na kusini kwa zamu. Hesabu za magurudumu manne hupelekwa kwenye kompyuta, nayo huzilinganisha. Ikiona gurudumu moja limepungua kasi ghafla kuliko wenzake, hujua linataka kukaza, basi huilegeza breki yake kidogo, kisha huirudisha. Hesabu ya gurudumu moja isipofika, kompyuta haibahatishi. Hujitoa kazini, huwasha taa ya njano, na kumwachia dereva breki zake za kawaida.

Kwa hiyo gari lenye taa ya ABS inayowaka bado husimama. Ndiyo maana watu huishi nayo miaka mingi. Likiungana na taa nyekundu ya breki, hapo ni habari nyingine, dereva asimame na kutafuta msaada, kwa maana mafuta ya breki huenda yamevuja. Lakini ile ya njano peke yake humwambia kwamba mlinzi wa usiku hayupo lindoni, na mlinzi hajulikani faida yake mpaka usiku mwizi atakapokuja.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, nililolinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Taa iliwaka mwezi wa Machi, masika yalipoanza. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumwahidi gari hilo mjukuu wangu, ambaye naye ni mwalimu, aliyepangiwa shule upande wa Turiani, mkoani Morogoro. Mpaka Morogoro mjini angeweza kupanda treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2024. Lakini shule yake haipo stesheni, na mama mwenye mtoto mchanga ana mizigo isiyobebeka begani. Angelazimika kutumia Barabara ya Morogoro, ambayo ndiyo njia ya malori yatokayo bandarini kwenda Zambia na Kongo. Kila aliyewahi kuwa nyuma ya lori la kontena wakati wa mvua, kisha taa za breki za lori zikawaka ghafla, anajua nilichokuwa nakifikiria usiku.

Ushauri wa kwanza niliupata mtaa wa Shaurimoyo, penye maduka ya vipuri. Sehemu hii ya Kariakoo, mji uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, leo hubeba mzigo wa magari ya nchi nzima. Vioo, taa, bampa na mikono ya milango huning'inia madukani kama ndizi. Dalali mmoja, kijana mchangamfu, aliniamkia kwa heshima kisha akasema, "Mzee, hiyo kazi ya dakika tano. Tunachomoa globu." Mwenzake akaona hiyo ni njia ya kishamba. Yeye alipendekeza waya wa taa ile uunganishwe na wa taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja injini inapowaka. "Hata trafiki akikagua, hataona kitu."

Vijana hawa hawakuwa wahalifu. Waliona mzee wa pensheni anasumbuliwa na taa, wakataka kumpunguzia gharama. Lakini maneno yao yalinikumbusha daftari la mahudhurio. Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilikutana na madaftari yaliyojaa alama za waliohudhuria, safi tangu Jumatatu hadi Ijumaa, huku madawati nyuma ya darasa yakiwa matupu. Mtoro akiandikwa yupo, daftari hupendeza na mkaguzi hufurahi. Mtoto bado yuko sokoni anauza mifuko. Nikawashukuru vijana, nikaenda zangu.

Gereji ya kwanza walikuwa na mashine ya kupimia. Waliichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, wakasubiri, wakaniambia, "Hakuna tatizo, Mwalimu. Gari zima." Taa ilikuwa inawaka mbele ya macho yetu sote. Baadaye nilielezwa sababu, nami naiandika hapa kwa faida ya wengine. Tundu lile lilienea duniani hasa kwa sababu ya moshi: Marekani iliamuru magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996 yawe nalo, ili hitilafu zinazochafua hewa ziweze kusomwa kwa njia moja. Kwa hiyo mashine nyingi za bei nafuu huzungumza na kompyuta ya injini tu. Breki zina kompyuta yake. Walikuwa wamemhoji jirani, naye alisema kweli kwamba nyumbani kwake hakuna mgonjwa.

Mashine nyingine ikaazimwa, nayo ikataja gurudumu la mbele kushoto. Hapo ikaamuliwa bila mjadala kwamba sensa imekufa. Ikanunuliwa mpya, shilingi 90,000, ikafungwa, kumbukumbu ya kompyuta ikafutwa, taa ikazimika, tukapeana mikono. Nilipofika kwenye mataa ya Kamata ilikuwa imekwisha kuwaka tena.

Msomaji azingatie hapa, maana ndipo penye kiini. Mashine haikusema sensa imekufa. Ilisema hesabu ya gurudumu la mbele kushoto haifiki. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Karani wa sensa akikosa kuleta karatasi za kijiji fulani, pengine karani ni mgonjwa. Pengine daraja limevunjika. Na pengine wanakijiji wenyewe wamehama, hana wa kumhesabu. Taa hutaja kijiji. Haimtaji mkosaji. Kazi ya kumtafuta imeachwa kwa binadamu mwenye subira.

Binadamu huyo nilimpata Gerezani, kijana asiyezidi miaka thelathini, chini ya mwembe, na kompyuta ya mapajani iliyopasuka kioo. Hakugusa spana. Alianza kwa kuuliza. Taa inawaka lini? Nikamweleza: ukiwasha swichi huwaka, huzimika baada ya sekunde chache kama kawaida, kisha gari likitembea mita chache huwaka tena na kubaki. Akatikisa kichwa. "Ingekuwa waya umekatika, Mwalimu, isingesubiri gari liondoke. Ingelalamika hapo hapo." Akaniomba niendeshe taratibu, yeye akiwa kiti cha pembeni, kompyuta magotini. Kwenye kioo zilionekana namba nne za magurudumu manne. Tatu zilipanda pamoja: kumi, kumi na tano, kumi na nane. Ya nne ilikaa sifuri. Nikaona darasa langu la zamani: wanafunzi watatu wanajibu, mmoja kimya, naye ndiye ambaye mwalimu anapaswa kumwendea.

Alipima waya kwa testa, umeme ukawa unafika vizuri kwenye sensa. Karani mzima, daraja zima. Hapo akauliza swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili ada yote aliyonidai: "Kabla taa haijawaka, gari lilifanyiwa nini?"

Nina desturi niliyoitoa shuleni ya kuwa na kitabu cha kumbukumbu. Kila jambo linalofanyika kwenye gari huandikwa, pamoja na tarehe. Nikalifungua daftari: tarehe 11 Machi, beringi ya gurudumu la mbele kushoto imebadilishwa kwa sababu ya mngurumo. Tarehe 11 Machi, jioni, taa ya ABS. Habari hii nilikuwa nimekwisha kuitaja kwenye gereji ya kwanza, nikajibiwa, "Mwalimu, beringi ni chuma, taa ni umeme. Haviingiliani." Kijana alipoisikia alitabasamu. Katika gari la aina hii, alisema, ile pete ya sumaku imebandikwa ubavuni mwa beringi yenyewe, upande mmoja tu. Ikifungwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri kabisa, mngurumo utakwisha, lakini sumaku itatazama nje na sensa itatazama chuma kitupu. Wanakijiji wamehama.

"Utajuaje bila kufungua?" nikamwuliza. Alichomoa sensa ya kulia, lililo zima, akafunga sindano ya kushonea kwenye uzi, akaiteremsha kwenye tundu. Ilipofika ndani ilivutwa ubavuni ikanata. Akaenda kushoto, akafanya vile vile. Sindano ikaning'inia tu, ikicheza kama pendulamu. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na sikumbuki jaribio lililofanyika kwa vifaa vichache zaidi ya vile: upande unaojulikana kuwa mzima kwanza, ndipo upande unaoshukiwa.

Sasa likaja jambo gumu kuliko la gari. Fundi aliyefunga beringi ile namfahamu kwa miaka ishirini. Ni mtu mzima aliyepita miaka hamsini, mwaminifu, ambaye hajawahi kunibadilishia kipuri kizima kwa kibovu, na ana vijana watatu wanaojifunza kazi kwake. Jirani yangu mmoja alinishauri niende pale asubuhi, mbele ya watu, nidai fedha zangu, "ili iwe fundisho." Neno hilo fundisho lilinikaa moyoni, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nilipokuwa chuo cha ualimu Mpwapwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakufunzi waliotukagua katika mazoezi ya kufundisha walikuwa na kanuni moja wasiyoivunja. Mwanachuo akikosea ubaoni, mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa hakusema neno. Aliandika. Kipindi kikiisha, wakatoka wote wawili chini ya mti, ndipo makosa yakatajwa. Mwalimu akiaibishwa mbele ya wanafunzi, hapotezi somo moja. Hupoteza darasa. Na wanafunzi nao hujifunza jambo baya: kwamba kosa ni kitu cha kufichwa kwa gharama yoyote. Mtu aliyelelewa hivyo, akiona taa inawaka, hukimbilia globu.

Basi nilinunua beringi mpya Shaurimoyo, nikapita kwa mafundi chuma wa Gerezani wanaokata vyuma vya mageti, nikaomba unga wa chuma kidogo katika karatasi. Nikafika kwa fundi wangu mchana, vijana walipokuwa wamekwenda kula kwa mama lishe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nimekuja na kitu nataka tukitazame wote."

Nikaiweka beringi juu ya meza yake, nikanyunyiza unga ubavu mmoja. Nilipoiinamisha ukamwagika wote. Nikaigeuza, nikanyunyiza ubavu wa pili. Unga ukasimama, ukajipanga mistari myembamba kuzunguka pete yote kama nywele za ulilimi, wala haukuanguka nilipoiinamisha.

Fundi aliitazama kwa muda mrefu. Akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya ile mistari. "Hii ina sumaku," akasema. "Upande mmoja."

"Upande mmoja tu."

Akanyamaza. Kisha akasema mwenyewe, bila mimi kumwambia, "Ile ya kwako niliweka huu nje." Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii beringi hazikuwa na upande, Mwalimu. Mbona hatukuambiwa?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake jepesi, na mpaka leo linanisumbua. VETA ipo tangu sheria ya mwaka 1994, na chuo chake cha Chang'ombe hakiko mbali na Gerezani. Lakini fundi mwenye gereji yake, anayelisha watu kwa kazi ya siku hiyo hiyo, hawezi kufunga wiki mbili akakae darasani. Magari huteremka bandarini kila mwezi yakiwa na elimu mpya ndani yake, na elimu hiyo haiteremki na kitabu cha Kiswahili. Anayeyapokea ni yule aliyejifunza kwa kushika taa ya mkononi huku mkubwa wake akifungua nati, naye mkubwa alijifunza vivyo hivyo kwa magari ya miaka ya 1970. Kwa elimu aliyopewa, fundi wangu alikuwa sahihi. Gari ndilo lililobadilika bila kumpa taarifa.

Alifanya kazi ile alasiri hiyo hiyo. Beringi ya zamani ilitolewa kwa presi, mpya ikaingizwa sumaku ikitazama sensa, na fedha ya ufundi akaikataa kabisa. Kumbukumbu ikafutwa. Nilizunguka kuelekea Kamata, nikapita mataa, nikaendelea mpaka Chang'ombe, na mbele yangu hapakuwa na taa ya njano. Siku mbili baadaye mvua iliponyesha nilitafuta barabara isiyo na watu nikakanyaga breki kwa nguvu. Pedeli ikatetema chini ya mguu, tototototo, na gari likasimama limenyooka. Mlinzi alikuwa amerudi lindoni.

Jambo lililonifurahisha zaidi niliambiwa baadaye na mmoja wa wale vijana watatu. Fundi aliwaita wote, akaweka beringi mezani, akamwaga unga wa chuma, akawaambia: hili mimi sikulijua, leo nimelijua, na ninyi mlijue. Maneno hayo yalitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa wakati aliouchagua yeye. Kama ningeyatoa mimi mbele yao asubuhi ile, vijana wangekumbuka fedheha ya mkubwa wao na kusahau sumaku. Sasa karatasi ya unga wa chuma imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake la spana.

Nimeona ofisi nyingi, shule nyingi, na nyumba nyingi ambamo globu zimechomolewa. Huwa ni mahali patulivu sana. Katika mahali pa namna hiyo, mtu anayesema hesabu haifiki huonekana mkorofi, na anayeulizwa huona amekwisha kuhukumiwa. Tungewazoesha watoto wetu kutofautisha kijiji na mkosaji, kuuliza kabla ya kununua, na kuanza na upande mzima kabla ya ule unaoshukiwa, tungeokoa fedha, na pengine maisha.

Mjukuu wangu aliondoka na gari mwezi wa Mei, mtoto akiwa kiti cha nyuma. Daftari la kumbukumbu nililiweka kwenye kijaluba cha mbele, pamoja na kalamu. Akaniuliza, "Babu, taa ikiwaka tena nifanyeje?"

Nikamwambia, "Punguza mwendo. Kisha andika tarehe, na uandike gari lilifanyiwa nini mara ya mwisho. Fundi utakayemkuta, mpe hayo kwanza kabla ya fedha."